Picha Imetoka Vizuri, Binti Ndiye Hafanani Nayo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba usinikaripie mpaka ufike mwisho wa barua, maana nakusoma kila juma na ulimi wako naujua, huwa unamrukia mtu akiwa bado anajieleza.

Mimi ni mpambaji wa maharusi, nina chumba changu cha kazi mbele ya nyumba, kioo kikubwa chenye taa pembeni, viti viwili na droo ya poda, na kwa kazi hiyo hiyo nimemlea binti wa marehemu kaka yangu tangu hajajua kufunga kamba za viatu, nikamsomesha, leo ni fundi wa meno bandia, anakaa maabara amevaa koti jeupe anachonga meno ya watu, na nakuambia mshauri, meno yake huwezi kuyajua, kuna mzee hapa mtaani alitengenezewa naye na sasa anacheka hata misibani. Binti ana adabu, ana kazi, ana maneno ya kuchekesha, ana kila kitu ambacho mama mkwe angeomba isipokuwa kimoja, na hicho ndicho wanachokiona kabla hajafungua mdomo. Ni mweusi. Sisemi maji ya kunde yaliyokolea, nasema mweusi, shuleni walimwita Kaniki na yeye akawa anaitika, mpaka leo rafiki zake wanamwita hivyo huku anacheka, na mimi ndiye ninayeumia.

Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini waliosema hivyo hawakuwa na binti mweusi wa kuozesha. Nimeona wachumba wakija hapa kwangu, wanamsalimia vizuri, halafu macho yanateleza mpaka kwa binti wa jirani aliyekuja kuazima pasi. Mmoja alikuja na dada yake, wakanywa chai, wakamsifu kwa heshima zote, na wakati wa kutoka yule dada akaniuliza kwa sauti ya chini kama humu ndani hakuna mwingine. Nikamwambia yupo paka.

Ndipo akaja mteja wangu mmoja, mama mwenye mtoto wa kiume anayefanya kazi nchi ya mbali, kwenye bohari la nyama zilizogandishwa, akakaa kwenye kiti nikawa namtinda nyusi, akaniambia, "Shoga, mwanangu anatafuta mke wa nyumbani, awe na kazi yake, awe na tabia, na awe mweupe, au basi maji ya kunde, maana huko weusi wanapata tabu, sitaki wajukuu zangu wateseke." Mama mwenyewe, tuseme ukweli, poda yake ni ile ya mwisho kabisa kwenye droo, ya giza kuliko zote, lakini mteja hakosolewi akiwa kwenye kiti, na isitoshe hakuongopa, hata wateja wangu waliowahi kwenda huko wanasema weupe wanasimamishwa mapokezi kwenye hoteli na weusi wanasukuma toroli la mashuka, mimi ulimwengu huu sikuutengeneza, nimeukuta hivi hivi.

Basi nikampamba binti yangu nimpige picha. Droo yangu ina poda za kila aina na hakuna hata moja ya rangi yake, wauzaji wanasema hizo hazitoki, kwa hiyo nikaanza na iliyokaribia halafu nikawa napanda ngazi, nikawasha taa zote, nikapiga kwa simu, na kwenye simu kuna kitu cha kung'arisha, ukikisukuma kidogo mtu anakuwa kama ameamka vizuri, nikakisukuma, nikakisukuma tena, na picha ikatoka, mshauri, mpaka nikamwonea wivu huyo msichana. Binti alipoiona alicheka, akasema, "Shangazi, huyu nani? Si umkaribishe chai."

Picha ikaenda, posa ikarudi. Wakaanza kuongea kwa simu, yule kijana anapiga akiwa mapumzikoni, na mimi nikawa nasikia kicheko cha binti nyuma ya mlango, si kile cha kumridhisha mtu, ni kile cha mtu aliyesahau kwamba ameacha chungu jikoni. Kuonana kwa video ilikuwa mara chache, na nilihakikisha inakuwa kwenye chumba changu cha kazi, mbele ya taa, na mtandao wetu nao ulinisaidia sana kwa ubovu wake.

Mkwe akatuma karatasi za kumwombea viza aende wakaoane huko, zikatakiwa picha, na hapo nikafanya kosa ambalo ni la watu wa kazi yangu, maana mtu aliyezoea kutoa picha nzuri hawezi kutoa mbaya, nikapeleka ile ile. Siku ya mahojiano ubalozini nilimsindikiza, nikakaa nyuma kwenye viti vya plastiki vilivyoungwa pamoja, nikamwona afisa nyuma ya kioo anatazama karatasi, anamtazama binti, anatazama karatasi. Akasema, "Naomba aje mwenye picha hii." Na binti yangu, badala ya kunyenyekea, akamjibu, "Hata mimi namsubiri." Foleni nzima ikacheka, afisa hakucheka, akasema ombi limesimama mpaka picha na mtu vifanane, akampangia tarehe nyingine ya kurudi.

Tulipofika nyumbani binti akaniambia hilo ni jambo dogo, atapiga picha ya kawaida, moja ampelekee afisa na moja amtumie mwenzake mwenyewe, akimtaka amtake hivyo alivyo. Nikaona posa yote inamwagika mbele ya macho yangu. Nikamwambia, "Mwanangu, subiri kwanza, picha imeshapendwa, kilichobaki ni wewe kuifikia." Akanitazama kidogo, akasema, "Shangazi, kazini kwetu jino lisipofanana na mtu, linarudi mezani. Mtu harudi." Lakini kwa heshima yangu tu akakubali kusubiri kidogo, akaenda kuoga, akidhani yameisha.

Mshauri, mimi simtakii mabaya. Nilipokuwa na umri wake mchumba wangu aliniacha akamwoa rafiki yangu aliyekuwa mweupe kama ganda la yai, na mimi ndiye niliyempamba bibi harusi, kwa mikono hii hii, nikitabasamu. Kuanzia hapo nikaanza krimu, nikaolewa na mwingine, naye baadaye akaondoka, kwa hiyo siwezi kusema krimu ilimzuia, lakini angalau harusi niliipata. Natumia mpaka leo na sijafa, ukiacha jua linaloniunguza nikitoka bila mwavuli, na vifundo vya vidole vilivyokataa kubadilika, na kidonda cha mguuni ambacho daktari alikishona nyuzi zikawa hazishiki, akasema ngozi imekuwa laini mno.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Kuna mama anachanganya krimu huko nyuma ya soko, hana kibao, wateja wanaelekezana. Nikamwambia nataka ya haraka lakini ya upole, akacheka, akaniambia, "Chagua moja." Nikachagua ya haraka. Nikaitia kwenye kopo la mafuta ya mgando anayojipaka binti kila jioni akirudi kutoka kazini na kuoga, nikakoroga kwa kijiko mpaka haijulikani, maana kama ni kuchanganya rangi, hiyo ndiyo kazi yangu. Ni wiki ya pili sasa. Yeye hajui.

Mwanzoni nilifurahi, Mungu anisamehe, niliona nyuma ya masikio pamefunguka, nikafurahi mpaka nikaimba. Lakini sasa shingo inamwasha, mashavuni ngozi inabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, na yeye anadhani ni vumbi la plasta la kule maabara, ameanza kuvaa barakoa kutwa nzima, amemwambia mkuu wake kwamba huenda kazi ile haimfai, na mshauri, kazi ile anaipenda kuliko kitu chochote. Na kadiri anavyowashwa ndivyo anavyojipaka zaidi ili apoe. Juzi aliniita chumbani, akanigeuzia mgongo, akasema, "Shangazi, nisaidie hapa katikati, mkono haufiki." Nikaenda kwanza kuvaa glavu za kazi, maana hiyo krimu ni kali kuliko yangu, akaniuliza glavu za nini, nikamwambia nina mchubuko kidoleni. Nikampaka. Akaniambia ahsante mama. Huwa ananiita shangazi, mama huniita akiumwa.

Naomba unieleze, niendelee mpaka tarehe ya ubalozi kwa kuwa imebaki kidogo tu afanane, au niache, na nikiacha nimwambie au ninyamaze, na nikimwambia nimwambieje asinichukie, maana sina mwingine. Na kama unaifahamu krimu isiyowasha, tafadhali niandikie.

Mimi, shangazi mwenye nia njema.

*

Shangazi mwenye nia njema,

Uliniomba nisikukaripie mpaka nifike mwisho. Nimefika. Sasa kaa.

Barua yako niliifungua jana, nikamwomba mhariri amwondoe bwana mmoja anayelalamika kwamba mkewe anakoroma, yako iingie leo, kwa kuwa mkoromo unaweza kusubiri. Namba ya simu hukuweka, ningekupigia. Najua kwa nini hukuweka.

Nianze pale ambapo hukuongopa. Ni kweli macho ya wachumba yanateleza. Ni kweli kuna walioitwa wasimame mapokezini na walioitwa wasukume toroli, na aliyewagawa hakuuliza vyeti. Barua za mabinti walio huko zinanifikia, nazisoma, na nyingine zinanitoa machozi. Kwa hiyo sitakuambia kwamba rangi si kitu, ungenicheka, na ungekuwa na haki. Umesema ulimwengu huu hukuutengeneza, umeukuta. Sawa. Lakini lile kopo la mafuta hukulikuta vile. Lile umelitengeneza wewe, kwa kijiko chako.

Umenieleza habari za posa, za taa, za mtandao mbovu, na nakiri umenichekesha mahali pawili. Kisha nikafika kwenye glavu, na kicheko kikaniishia. Mtu asiyejua anachokifanya havai glavu, mama. Vidole vyako uliviogopea, mgongo wa mtoto ukauambia ni kwa faida yake. Na alipokushukuru kwa jina la mama, ulikuwa bado umezivaa. Nimeliandika hili hapa kwa sababu nataka ulisome kwa macho yako likiwa limepigwa chapa, si likiwa ndani ya barua ndefu ambamo limejificha katikati ya mambo mengine.

Unaniuliza kuhusu krimu isiyowasha. Umelea mtoto, umemsomesha, umemtoa fundi anayesifiwa mtaa mzima, kisha unaniuliza mimi ni sumu ipi ina upole. Muulize yule mama wa nyuma ya soko, yeye angalau alikuwa mkweli kwako.

Hata kama ningekuwa mtu wa hila kama wewe, ningekuambia hesabu yako haitoki. Tuseme amefanana na picha. Amepita kwenye kile kioo cha afisa, amefika huko kwenye baridi. Nani atamkorogea mafuta kule? Njia ya mwongo ni fupi, na yako ilishafika mwisho ubalozini, mbele ya foleni nzima. Ukiilazimisha iendelee, itaishia kwenye nyumba ya watu, asubuhi, bila taa zako pembeni, na atakayesimama hapo kujibu maswali si wewe.

Halafu huyo mkwe. Umeniandikia maneno ya mama yake, tena mama ambaye kwa ushahidi wako mwenyewe nyani haoni kundule. Maneno ya kijana mwenyewe hukuniandikia hata moja. Unajua anachokitaka? Mimi sijui, na wewe hujui, anayeelekea kujua ni binti anayecheka naye nyuma ya mlango, na huyo ndiye uliyemwambia asubiri. Labda kijana ni mpumbavu. Labda anafungua simu kila mapumziko kwa ajili ya kile kicheko, na hiyo picha yako ameshaisahau. Kujua hilo hakuhitaji krimu, kunahitaji picha moja iliyopigwa nje, mchana, na mtu mwingine asiyekuwa wewe. Akimkataa, atalia, na utamfuta machozi, na hiyo itakuwa nafuu kuliko kuvuka mipaka kwenda kuishi na mwanaume aliyemposa msichana asiyekuwepo.

Na wewe mwenyewe, nakuonea huruma, usidhani sina. Kumpamba bibi harusi aliyeolewa na mchumba wako, ukitabasamu, si jambo dogo, na waliokufanya uamini kwamba kosa lilikuwa kwenye ngozi yako walikudhulumu. Ulikubali, ukaanza kujichubua, na mpaka leo unatembea na mwavuli na kidonda kisichoshika nyuzi, unakiandika kama mtu anayeandika kwamba mvua ilinyesha. Lakini angalia faida uliyoipata, umeiandika mwenyewe: mume aliondoka vile vile. Umepima dawa kwenye mwili wako kwa miaka yote hiyo, haikufanya kazi, kisha ukaenda kutafuta iliyo kali zaidi kwa ajili ya mtoto. Huruma yangu inafika hapo, haivuki.

Sasa sikiliza, maana haya si ya kuchagua. Gazeti hili linatoka asubuhi na binti anaoga akirudi kutoka kazini. Lichukue hilo kopo kabla hajarudi, lakini usilitupe wala usilioshe, lifunge kwenye mfuko, daktari wa ngozi atataka kujua kilichomo. Akifika nyumbani, mwambie. Usianze na ubalozi, usianze na mama mkwe, usianze na mchumba wako wa zamani, anza na kopo. Sema nilitia krimu kwenye mafuta yako bila kukuambia, si plasta inayokuwasha, ni mimi. Kesho nendeni hospitali pamoja, na ikifika zamu yenu umwoneshe daktari shingo ya binti na mguu wako pia, na mkiambiwa namna ya kuacha, mfuate mlivyoambiwa, usije na maarifa yako ya droo. Hiyo krimu yako nayo iingie kwenye mfuko huo huo. Kisha, akikuruhusu, nenda kwa mkuu wake wa maabara ukamwambie kwamba kazi haina kosa lolote, kwa sababu nusura umfanye mtoto aache kitu anachokipenda kwa ajili ya kosa lako, na akiacha ndipo atakuwa hana kitu kweli.

Mambo ya picha na ya kijana mwachie yeye. Ukiombwa kuwasha taa, kataa.

Unauliza umwambieje asikuchukie. Hilo siwezi kukusaidia, na hata ningeweza nisingekusaidia. Siku ya leo ni yake. Huenda akapiga kelele, huenda akanyamaza, na kunyamaza kwake kutakuuma zaidi. Huenda akafunga begi akaenda kwa rafiki zake wanaomwita Kaniki bila kumtaka abadilike. Usimzuie mlangoni. Usimkumbushe ada ulizolipa. Akikuuliza swali, mjibu hilo hilo aliloliuliza. Akilia, kaa naye, na usilie kumzidi.